Geti la Kasarani: jinsi Kenya ilivyopokonywa viti 20,000 katikati ya CHAN

Agosti 2025 Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ilicheza soka ambayo Nairobi ilikuwa imeingoja kwa miaka mingi. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kushiriki CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaosakata ligi za nchi zao, na kundi tulilopangiwa lilikuwa gumu. Kulikuwa na Morocco na DR Congo, ambao kila mmoja alikuwa ameshalitwaa kombe hilo mara mbili, pamoja na Angola na Zambia. Jumapili tarehe 3 tukaifunga DR Congo 1-0 kwa bao la Austin Odhiambo. Alhamisi tarehe 7 tukatoka sare ya 1-1 na Angola baada ya kadi nyekundu kutuacha na wachezaji kumi mapema kipindi cha kwanza. Jumapili tarehe 10 Ryan Ogam akaifunga Morocco, kadi nyekundu ikatolewa tena kabla ya mapumziko, na vijana wa kocha Benni McCarthy wakalilinda bao hilo wakiwa kumi hadi kipenga cha mwisho.

Jiji zima lilikuwa bado linaimba pale agizo la CAF, shirikisho la soka la Afrika, lilipotoka: mechi ya Kenya inayofuata, Kasarani isiingize zaidi ya watu 27,000. Uwanja huo una viti takriban 48,000. Yaani timu ya taifa, ikiwa katika kiwango chake bora na ikichezea nyumbani, iliondolewa mashabiki wapatao 21,000 kwa karatasi moja.

Sababu iliyotajwa ni usalama. Katika mechi za Kenya, hasa ile ya Morocco, watu wasio na tiketi walivunja vizuizi na kuingia kwa nguvu, na polisi wakafyatua mabomu ya machozi. CAF iliagiza pia kwamba waruhusiwe wenye tiketi za kielektroniki pekee, na ikaonya kuwa mambo yasiporekebishwa mechi za Kenya zitahamishwa. FKF, shirikisho la soka la Kenya, ikatozwa faini.

Wengi walilipokea agizo hilo kama uonevu. Nilisikia kwenye matatu, kwenye kinyozi na kwenye vibanda vya kutazamia mpira kwamba Waarabu wa Kaskazini wamekasirika kufungwa, ndiyo maana tunaadhibiwa. Sikubaliani na maelezo hayo, na nadhani yanatuzuia kuona kilichoharibika. Kasarani haikushindwa kwa sababu mashabiki walikuwa wengi mno. Ilishindwa mita hamsini nje ya geti, mahali ambapo hapaoneshwi kwenye televisheni wala kuzinduliwa na mgeni rasmi. Tulikarabati nyasi, taa, vyumba vya wachezaji na viti, lakini njia ya mtu kutoka Thika Road hadi kwenye kiti chake haikupewa uzito huohuo.

Walikotoka wale mashabiki

Huwezi kuuelewa umati wa Agosti bila kukumbuka miezi iliyotangulia. Septemba 2023 Sudan Kusini ilitufunga 1-0 Kasarani. Baada ya hapo ukarabati wa kujiandaa kwa CHAN na kwa AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2027 ukaanza, na Nairobi ikabaki bila uwanja wenye idhini ya CAF kwa mechi za kimataifa. Juni 2024 "tuliwakaribisha" Burundi na Ivory Coast Lilongwe, Malawi: 1-1 na 0-0. Septemba tukawakaribisha Zimbabwe Namboole, Kampala: 0-0. Oktoba Cameroon, palepale Namboole: tukalala 1-0. Novemba Namibia, huko Afrika Kusini: 0-0. Mechi tano za nyumbani zilizochezwa ugenini, sare nne, kipigo kimoja, bao moja tu.

Hatukuwa peke yetu. Katika kundi letu la kufuzu AFCON, Zimbabwe na Namibia nazo hazikuwa na uwanja uliokubalika kwao, kwa hiyo kati ya mechi 12 za kundi ni tatu tu, zile za Cameroon, zilizochezwa katika nchi ya mwenyeji halisi. Ushelisheli walitukaribisha Abidjan Novemba 2023 tukawafunga 5-0. Gambia nao walitukaribisha Abidjan Machi 2025 tukatoka 3-3. Mtu anaweza kuelewa hali ya visiwa vya Ushelisheli, vyenye watu wasiofika hata robo ya wakazi wa Nairobi mashariki, kukosa uwanja wa kiwango cha CAF. Nairobi haina kisingizio hicho. Nyayo ulifunguliwa mwaka 1983, Kasarani ukajengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Viwanja tulikuwa navyo miaka yote, na tuliviacha vikachakaa hadi vyote viwili vikahitaji kuokolewa kwa wakati mmoja.

Tulirudi nyumbani tarehe 23 Machi 2025, Nyayo, dhidi ya Gabon. Aubameyang akafunga mawili, Olunga akarudisha moja, tukapoteza 2-1. Nalitaja hili kwa sababu kuna imani kwamba uwanja wa nyumbani ni pointi tatu za bure. Sivyo. Lakini mtoto wa Umoja au Kayole aliyeanza kufuatilia timu akiwa na miaka kumi alikuwa amefika kumi na miwili bila kuiona nchi yake ikishinda mechi kubwa kwa macho yake. Kisha katika juma moja la Agosti timu hiyo ikawafunga DR Congo na Morocco, kilomita chache kutoka kwao, kwenye uwanja unaofikika kwa matatu moja. Nani hakujua kwamba huyo mtoto atakuja, na kwamba atakuja na marafiki zake wote?

Ndiyo sababu nasema umati haukuwa ajali. Ulikuwa na tarehe, saa na mahali.

Hesabu ya mlango

Wataalamu wa usalama wa viwanja wana hesabu ambayo kila shabiki angepaswa kuijua. Mwongozo wa Uingereza, ulioandikwa kutokana na misiba yao wenyewe na kuigwa na nchi nyingi, unasema mlango wa kuzunguka unaopitisha mtu mmoja mmoja usihesabiwe kuwa unapitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, mambo yakienda sawa. Na unataka uwanja uweze kuingiza watu wake ndani ya saa moja, kwa sababu mashabiki hawafiki kwa utaratibu tunaoutaka sisi. Wengi hufika dakika za mwisho.

Chukua viti 48,000, gawa kwa 660. Unapata milango 73. Milango 73 inayofanya kazi, yenye watu waliofunzwa, wakati mmoja. Kwa watu 27,000 unahitaji 41.

Sasa weka hali ya Nairobi juu ya hesabu hiyo. Tiketi iko kwenye simu. Askari anailenga kwa mashine, anakukagua mwili, anafungua mkoba wa mama, anaiondoa chupa ya maji. Ukifanya yote hayo kwa sekunde kumi umefanya haraka, na kwa sekunde kumi kila mlango unapitisha watu 360 kwa saa. Milango 73 imekuwa 134. Kama huna milango 134, dawa ni kuwafanya watu waje mapema na kuwapa sababu ya kuja mapema: kufungua saa nne asubuhi, muziki, chakula cha bei ya kawaida, mechi ya vijana kabla ya mechi kubwa. Ukieneza kuingia kwa saa tatu, milango 45 inatosha. Lakini saa tatu hizo zinafaa kitu ikiwa tu geti limefunguliwa saa iliyotangazwa, si nusu saa baadaye.

Nilisimama kwenye foleni moja ya Kasarani mwezi huo. Jua lilikuwa kali, na tatizo la kwanza nililoliona lilikuwa jua lenyewe: mashine haikuweza kusoma kile kimchoro cha mraba cha tiketi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Askari, kijana mpole tu, alivua kofia yake akaishika juu ya simu ya kila mtu ili kutengeneza kivuli. Ikisoma, mtu anapita. Isiposoma, anajaribu tena, anaongeza mwangaza wa simu, anajaribu tena. Kijana aliyekuwa mbele yangu alikuwa na picha ya tiketi aliyotumiwa na rafiki yake, na mashine ikakataa kwa sababu tiketi hiyohiyo ilikuwa imeshaingia. Akaambiwa arudi. Nyuma yake tulikuwa mamia, tumebanana kati ya vyuma viwili.

Mama mmoja aliyebeba mtoto alikuwa pembeni yangu. Askari akamwambia, "Mathe, hebu rudi nyuma kidogo."

"Nirudi wapi, kijana wangu? Nyuma kuna watu."

Kwa maoni yangu hapo ndipo kisa chote kilipo. Mtu asiye na tiketi halali anapogunduliwa kwenye mlango wenyewe, umeshachelewa. Hana njia ya kurudi. Anakuwa kizibo, au anasukuma mbele, au anapanda ukuta. Ndiyo maana viwanja vinavyofanya kazi vizuri vina mizunguko miwili. Mzunguko wa nje, mbali na uwanja, unaangalia tu kama una tiketi, pale ambapo bado kuna nafasi ya kugeuka na kwenda zako kutazama kwenye skrini. Mzunguko wa ndani unaisoma tiketi na kukukagua. Kati ya mizunguko hiyo panatakiwa uwazi mpana, na kila foleni inatakiwa iwe na ujia wa kutokea pembeni.

Jambo la kuuma ni kwamba Kasarani ina ardhi hiyo. Lile eneo ni kubwa, lina uwanja wa ndani, bwawa la kuogelea, hoteli, viwanja vya mazoezi, na ua unaozunguka vyote. Nyayo haina bahati hiyo. Umebanwa kwenye makutano ya Lang'ata Road na Mombasa Road, na mtu akitoka getini anaingia karibu moja kwa moja barabarani. Kasarani ungeweza kuweka mzunguko wa nje upande wa Thika Road na mwingine upande wa barabara ya Mwiki, ukawagawa watu kwa rangi ya tiketi kabla hawajauona uwanja. Badala yake watu wa Githurai, wa Roysambu, wa Mwiki na wa katikati ya jiji walikutana mbele ya mageti yaleyale, wenye tiketi na wasio nazo wakiwa mchanganyiko mmoja.

Moshi

Polisi wetu wamefunzwa kutawanya maandamano. Kwenye maandamano unataka watu waondoke, kwa hiyo bomu la machozi, hata kama silipendi, lina mantiki yake. Getini mantiki hiyo inageuka kuwa hatari. Watu waliobanwa kati ya ua na ukuta hawana pa kutawanyikia. Unawapofusha, unawafanya wakimbie bila kuona, na wanaokimbia wanawagandamiza waliosimama.

Watu wengi hudhani kwamba kwenye misongamano ya viwanjani watu hufa kwa kukanyagwa. Wapo wanaokufa hivyo. Lakini wengi hufa wakiwa wamesimama wima. Watu wanne kwenye mita moja ya mraba bado wanaweza kusogea. Wakifika saba, mwili wako si wako tena. Umati unakubeba unakotaka, miguu yako inaweza isiguse chini, na kifua kikigandamizwa kutoka mbele na nyuma hakipanuki tena kuvuta pumzi. Aliye nyuma anayesukuma hajui. Anaona tu foleni haisongi.

Nairobi inalijua hili kwa gharama. Tarehe 23 Oktoba 2010, kwenye mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards uwanjani Nyayo, watu 7 walikufa kwenye mkanyagano wakati mashabiki wakisukumana kuingia. Saba waliotoka nyumbani kwenda kutazama derby. Kwingine barani ni hivyohivyo. Januari 2022, Olembe, Yaoundé, watu 8 walikufa nje ya uwanja uliokuwa mpya kabisa, Cameroon wakicheza na Comoro, kwenye geti lililokuwa limefungwa wakati lilipaswa kuwa wazi. CAF ikaiondoa robo fainali iliyokuwa ichezwe pale. Agosti 2023, Antananarivo, watu wasiopungua 12 walikufa kwenye lango la uwanja wa Barea siku ya ufunguzi wa Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi. Accra 2001 watu 126 walikufa, na huko polisi walikuwa wamefyatua mabomu ya machozi kwenye majukwaa.

Ukiwa ofisini CAF na una kumbukumbu ya Olembe ya miaka mitatu tu iliyopita, kisha ukaletewa picha za Kasarani tarehe 10 Agosti, ungeandika nini? Mimi ningeandika barua ileile. Katika mechi ile ya Morocco tuliponea, na kuponea kusifanywe kuwa ushahidi kwamba mpango ulikuwa mzuri.

Je, kikomo cha 27,000 kilikuwa dawa sahihi?

Hapa nina shaka kiasi. Kupunguza tiketi kunapunguza msongamano ndani ya uwanja na kunapunguza kazi ya milango. Lakini tatizo la Kasarani lilikuwa nje. Ukiondoa tiketi 21,000 huondoi watu 21,000 jijini, unawahamisha tu kutoka kundi la wenye tiketi kwenda kundi la wasio nazo. Kama hujajenga mzunguko wa nje na hujaweka mahali pengine pa kutazamia mechi, umeongeza idadi ya watu wenye sababu ya kuja getini kubahatisha. Kikomo kinafanya kazi pale tu kinapoambatana na mambo mengine: vizuizi mbali na uwanja, tangazo la mapema kwamba tiketi zimekwisha, skrini kubwa mitaani. Agizo la tiketi za kielektroniki pekee lilikuwa na maana zaidi kuliko namba yenyewe, kwa sababu lilipunguza aina za tiketi ambazo askari alitakiwa kuzitambua chini ya shinikizo.

Mechi ya Zambia ikachezwa tarehe 17 chini ya kikomo hicho. Ogam akafunga tena, 1-0, tukaongoza kundi kwa pointi 10, moja juu ya Morocco. Tarehe 22 robo fainali dhidi ya Madagascar: Alphonce Omija akatupa uongozi mapema kipindi cha pili, wakasawazisha kwa penalti, na kwenye mikwaju wakatutoa 4-3. Sitadai kwamba viti vilivyokosa watu ndivyo vilivyotutoa. Madagascar walikuwa timu nzuri, wakafika fainali palepale Kasarani na kuwatoa jasho Morocco walioshinda 3-2. Ninachokijua ni kwamba waliostahili kuwapo usiku ule kwa maelfu walizuiwa kwa kosa ambalo si la wachezaji.

Sehemu ya mashabiki

Nimewasema wapangaji, sasa niwaseme wenzangu. Kuvunja geti si ushabiki. Kila mtu aliyeingia bila tiketi alikaa kwenye kiti cha mtu aliyelipa, au alisimama kwenye ngazi ambayo ilitakiwa ibaki wazi ili watu waweze kutoka hatari ikitokea. Ngazi za uwanja zina hesabu yake kama milango: majukwaa yanatakiwa yaweze kumwaga watu hadi mahali salama kwa dakika nane au pungufu, na ngazi iliyojaa watu waliosimama haifikii hesabu hiyo. Baba aliyemleta binti yake kwa mara ya kwanza, akakumbana na moshi getini, hatarudi mwaka ujao. Na sisi wenyewe ndio tutakaolalamika kwamba viwanja vya ligi viko vitupu.

Hata hivyo siwezi kumweka kijana aliyeruka ukuta kwenye mizani moja na taasisi. Kijana alifanya uamuzi wa sekunde chache akiwa katikati ya umati. Mashindano yalikuwa yapangwe kwa miaka. CAF ilikuwa imeyaahirisha kutoka Februari hadi Agosti 2025, ikatangaza hivyo siku moja kabla ya droo iliyofanyika kwenye ukumbi wa KICC, Nairobi, ili viwanja vipate muda wa kukamilika. Miezi sita ya ziada ilitolewa. Ilikwenda kwenye ujenzi, na ujenzi ulihitajika. Lakini Kasarani ilitoka mikononi mwa mafundi na kuingia mashindanoni karibu moja kwa moja, bila kupanda ngazi: mechi ya watu elfu kumi, halafu elfu ishirini na tano, halafu elfu arobaini, huku wakaguzi wakihesabu muda wa kila foleni. Nyasi unaweza kuzikagua asubuhi ya siku tulivu. Geti haliwezi kukaguliwa bila watu.

Na historia yetu ilipaswa kutufanya waangalifu zaidi. AFCON ya 1996 ilikuwa yetu ikaenda Afrika Kusini. CHAN ya 2018 ilikuwa yetu ikaenda Morocco. Safari hii tulifaulu kuandaa, fainali ikachezwa Nairobi, na hilo ni jambo kubwa ambalo sitaki lipotee ndani ya lawama zangu.

Oktoba

Kisa kingeweza kuishia kwenye soka. Hakikuishia. Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025. Kesho yake mwili ulipowasili, watu walikuwa wengi kiasi kwamba hafla ya kuutazama ilihamishwa kutoka Bungeni hadi Kasarani, uamuzi wa saa chache. Waombolezaji walijaa, geti likazidiwa, askari wakafyatua risasi na mabomu ya machozi, na watu waliokuja kumuaga Baba wakauawa uwanjani humo. Siku iliyofuata ibada ya kitaifa ikafanyika Nyayo, ambako umati ulikuwa mkubwa vilevile.

Sitaki kuyafananisha mambo haya mawili kwa wepesi. Msiba si mechi, na risasi si suala la foleni. Lakini uwanja wa taifa kwetu si wa soka peke yake. Ndipo marais huapishwa, ndipo Madaraka na Jamhuri husherehekewa, ndipo taifa hukimbilia linapofiwa. Kwa hiyo mpango wa mageti hauwezi kuwa faili la kamati ya mashindano linalofungwa baada ya fainali. Mwenye uwanja anatakiwa awe nao mkononi kila siku: mageti gani yanafunguliwa kwa umati wa ukubwa gani, nani anatoa amri, njia ya gari la wagonjwa ni ipi, na ni watu wangapi wakifika ndipo barabara inafungwa mbali kabisa. Miezi miwili baada ya onyo la CAF, uwanja uleule ulipokea umati mwingine, na polisi walewale wakasimama mahali palepale na silaha zilezile.

Talanta

Uwanja mpya wa Talanta unaojengwa Jamhuri, kando ya Ngong Road, umepangiwa viti 60,000 na ndio unaotarajiwa kuwa uso wa Kenya kwenye AFCON ya 2027 tutakayoiandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Picha zake zinapendeza na nimeziangalia kama kila mtu. Kwa hesabu ya 660 kwa saa, unahitaji milango 91. Kwa sekunde kumi kwa kila mtu unahitaji 167, au mpango thabiti wa kuwaleta watu saa tatu kabla. Ngong Road siku ya kawaida saa kumi na moja jioni tayari imejaa magari, kwa hiyo mzunguko wa nje utakuwa wapi, na mtu wa Kibera, ambaye yuko umbali wa kutembea kwa miguu, atapewa wapi pa kutazamia kama hana tiketi?

Haya yanaweza kujibiwa sasa, kwa karatasi, kabla ya mechi ya kwanza. Idadi ya milango na kiwango cha kila mlango vitangazwe hadharani. Wahudumu wa mashabiki, si polisi, wafunzwe mapema na walipwe vizuri, na bunduki na mabomu ya machozi yakae mbali na foleni. Uwanja ufunguliwe kwa ngazi: mechi ya ligi ya watu elfu kumi kwanza, halafu derby ya Gor na Ingwe (AFC Leopards) kwa nusu ya viti, halafu mechi ya kirafiki ya timu ya taifa. Kila mara, mtu aliyeshika saa asimame nje ya geti na ahesabu ni muda gani shabiki wa mwisho kwenye foleni ametumia kufika ndani.

Kasarani na Nyayo nazo zifanyiwe hivyo hivyo, kuanzia msimu huu wa ligi, maana mageti yake yatatumika Jumamosi hii iwe Talanta imekamilika au la.